Upana wa Godoro

Saa kumi na mbili asubuhi, Munigi bado imejifunga ukungu kiunoni,
tukakutana sita mbele ya duka la makala lililofungwa:
Kavira na daftari, Bauma na ndoo ya chokaa,
Sebagenzi, Noela, kijana Hangi na taa yake ya mafuta,
na mimi, godoro langu la sponji kichwani.

Wazo lilikuwa la Kavira.
"Watu wakikimbia mlima hawabebi ramani," alisema,
"wanabeba godoro. Likipita godoro, watapita."
Basi siku nzima nikawa kipimo.
Njiani mmoja akaniuliza bei.

Jiwe la huku si jiwe la kukalia kwa raha.
Juzi tu lilikuwa uji,
na bado linatafuna soli kimyakimya.
Kila hatua ni sahani inayovunjika jikoni kwa jirani.

Kwenye mikaratusi miwili nikakwama,
nikasukuma, nikageuka ubavu, nikakwama tena.
"Futa," akasema Kavira, na akafuta mwenyewe.

Halafu bonde: majani mabichi, pana, limetulia,
mahali ambapo ungemwambia bibi yako, pumzika hapa kidogo.
Hangi akashusha taa kwa kamba.
Moto ukainama, ukanywea,
ukazimika bila upepo.

Mazuku.

Chini pale kunguru amelala,
mabawa yamekunjwa vizuri kama shati la Jumapili.
Bauma akachora msalaba wa chokaa kwenye jiwe,
akauchora tena juu ya ule ule,
akauchora mara ya tatu.
Tunajua mdogo wake alitumwa wapi kuokota kuni.
Hatukumharakisha.

Saa saba tukalikalia godoro, tukala viazi vitamu na sambaza.
Mji wote chini, mabati yanakonyeza jua,
na ziwa nyuma yake, limenyamaza kama mtu anayejua deni lako.
Tukatafuta nyumba zetu kwa vidole.
Noela akaiona yao kwa shitingi ya bluu.
Hangi akadai anaona hadi kuku.
Sebagenzi hakunyanyua macho.
"Yangu iko hapa chini," alisema, akagonga jiwe kwa kisigino,
"sebule, nadhani."
Tukasogea kidogo,
kama wageni waliokalia mkeka bila kukaribishwa.

Alasiri tukamkuta Mama Nyiransaba akipalilia maharage.
"Hiyo njia yenu inapita wapi?"
"Hapa, mama. Kwenye maharage yako."
Akacheka mpaka akaweka jembe chini.
"Wewe wa godoro, nifuate."

Nyuma ya migomba, kando ya ukuta uliobaki peke yake,
njia. Haimo kwenye karatasi ya Kavira.
Pana: chukudu mbili zingepishana bila kugusana viwiko.
Nikatembea wima, mikono nimeiachia.
"Usiku ule nilipita hapa,
mtoto mgongoni, mwingine tumboni, na sufuria, sijui kwa nini sufuria.
Tangu hapo naifyeka kila msimu.
Nikiiacha, vichaka vitaila."

Kavira akahesabu hatua, akaandika mpaka wino ukakata.
"Na inaitwaje, hii njia?"
Mama akamtazama
kama ameulizwa jina la mguu wake.

Nimefika nyumbani giza limeshaingia.
Upande mmoja wa godoro umechanika,
ndani ya sponji vipunje vyeusi, vikali, havitoki.
Mama yangu akauliza nililipeleka wapi.
Nikasema, kutembea.
Nikaligeuza upande mzima.

Dirishani anga la mlimani lina wekundu wake wa kila siku,
jiko la mtu aliyesahau kulizima.
Nikazihesabu hatua za Kavira, elfu moja na mia nne,
kutoka kwenye maharage hadi barabara kubwa,
polepole, na sufuria mkononi,
na usingizi ukanichukua
kabla sijafika barabarani.